MAJUMBA YETU YAPUMUE

Mtu akipita leo katikati ya Dar es Salaam huyaona maghorofa ya vioo yakishindana kwa urefu. Twayafurahia, kwa kuwa ni dalili ya mji unaokua. Lakini umeme ukatikapo, jumba la namna hiyo hugeuka tanuri. Madirisha hayafunguki, karani hulowa jasho mezani pake, mfagizi hupanda ngazi na ndoo yake, na wote hungoja jenereta ingurume na kula mafuta ya bei ghali. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011 ulitufundisha somo hilo, nasi yaonekana tumelisahau.

Kosa si la jua. Kosa ni kuchukua ramani ya jumba la nchi ya baridi, ambako kioo hukaribisha joto linalotamaniwa, na kuisimamisha hapa petu, ambako joto hilo hilo ni adui. Kisha twanunua viyoyozi vya kumfukuza mgeni tuliyemwalika wenyewe.

Wenzetu wa Zimbabwe wametuonyesha njia. Jumba la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, lina maduka na ofisi katika ghorofa 9, wala halitegemei viyoyozi vya kawaida. Mchoraji wake, Mick Pearce, alijifunza kwa mchwa na kichuguu chake. Usiku mapangaboi huvuta hewa baridi na kuipitisha chini ya sakafu za zege. Zege huuhifadhi ubaridi ule hata mchana, na hewa iliyopata joto hupanda na kutokea kwenye dohani zilizo juu ya paa.

Hatusemi tuliige jumba hilo kama kasuku. Harare iko juu, yapata mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una ubaridi. Usiku wa Dar es Salaam ni wa joto na unyevu. Lakini sisi tuna upepo wa bahari, kusi na kaskazi. Tena jua letu la mchana hupita karibu na utosi. Kwa hiyo ukuta unaoelekea kaskazini au kusini hukingwa kwa kivuli kidogo tu, bali ule wa mashariki au magharibi hupigwa na jua la asubuhi au la jioni. Basi jumba na lilale mashariki hadi magharibi, madirisha yafunguke pande mbili, na kuta zipigwazo na jua zipunguziwe vioo. Wazee wetu wa pwani, waliojenga kwa mawe ya matumbawe, kuta nene na baraza, waliyajua haya.

Wako watakaosema kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limekwisha kutuondolea shida. Twawajibu: umeme ule unangojwa na viwanda, hospitali na vijiji. Usimwagwe kwenye vioo.

Ndugu wafanyakazi, jambo hili si la wachoraji peke yao. Baadhi ya majumba hayo yamejengwa na mifuko ya hifadhi ya jamii, yaani kwa akiba ikatwayo katika mishahara yenu. Gharama ya kuyapoza, ilipwe na mwenye jumba au na mpangaji, hula faida ya akiba hiyo, nayo ndiyo pensheni yenu ya kesho. Mnayo haki ya kuuliza, kabla msingi haujachimbwa: jumba hili litakula umeme kiasi gani kila mwezi, kwa miaka 50? Mchoraji asiyeweza kujibu asipewe kazi.