Nani Anakula Kodi ya Treni?

Tangu treni za umeme zianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, wasomaji zaidi ya mmoja wameniuliza kama mwenye akiba ndogo anaweza siku moja kununua kipande cha behewa na kula kodi yake, kama mwenye nyumba Kariakoo anavyokula kodi ya vyumba. Hapa kwetu treni hizo ni mali ya Shirika la Reli, kwa hiyo hakuna cha kununua. Lakini swali si la kipuuzi. Uingereza walifanya biashara hiyo, na hesabu zake zinasomeka. Njia rahisi ya kuzisoma ni kuchukua aina moja ya treni na kuifuata tangu inatoka kiwandani hadi inapokatwa chuma chakavu.

Aina hiyo ni Class 319. Zilitengenezwa seti 86 mjini York kati ya mwaka 1987 na 1990, kila seti mabehewa manne, mwendo wake wa juu kilomita 160 kwa saa. Zilitengenezwa kwa kazi moja maalumu. Katikati ya London kulikuwa na handaki la Snow Hill ambalo halikuwa limepitisha abiria tangu mwaka 1916. Shirika la reli la serikali, British Rail, lilitaka kulifungua ili treni zitoke Bedford kaskazini hadi Brighton pwani bila abiria kushuka. Tatizo lilikuwa umeme. Kaskazini treni zilivuta umeme wa volti 25,000 kutoka kwenye waya za juu, na kusini zilivuta volti 750 kutoka kwenye reli ya tatu iliyo chini, kando ya njia. Class 319 iliweza kutumia yote mawili, ikibadilisha umeme ikiwa imesimama stesheni ya Farringdon. Huduma hiyo, iliyoitwa Thameslink, ilianza mwaka 1988 na abiria wakajaa.

Msomaji aliweke akilini hilo la umeme wa aina mbili, maana litarudi.

Miaka michache baadaye serikali ya huko ilibinafsisha reli. Haikuuza shirika zima kwa mtu mmoja, bali ililimega. Njia zikawa za kampuni moja, uendeshaji ukagawanywa kwa makampuni mengi yenye mikataba ya miaka michache, na mabehewa yakapewa makampuni matatu ya kukodisha: Angel, Eversholt na Porterbrook. Kwa anayejua daladala, mpango huu hauhitaji maelezo marefu. Tajiri ana gari, dereva anazunguka nalo, jioni analeta hesabu. Abiria wawe wengi au wachache, hesabu iko palepale. Class 319 ziliangukia mikononi mwa Porterbrook.

Mwanzoni mwa mwaka 1996 Porterbrook iliuzwa kwa mameneja na wafanyakazi wake wakishirikiana na wenye fedha, kwa karibu pauni milioni 530. Mwezi wa nane haujaisha, mwaka huohuo, ikauzwa tena kwa takriban pauni milioni 825. Mnunuzi alikuwa Stagecoach, kampuni ya mabasi ya Scotland ambayo wasomaji wa Nairobi na Mombasa watakuwa wanaikumbuka, maana ndiyo iliyoshika mabasi ya Kenya Bus kuanzia mwaka 1991 hadi 1998. Katika miezi ile hakuna behewa jipya lililonunuliwa la kueleza pengo la karibu pauni milioni 300. Treni zilikuwa zilezile, zikipita kwenye handaki lilelile. Makampuni yote matatu kwa pamoja yaliiletea serikali karibu pauni bilioni 1.8, na wanunuzi wa kwanza walipoyauza tena yakafikia karibu bilioni 2.7.

Mtu atauliza mbona serikali iliuza kwa bei ya kutupa. Sababu moja ni kwamba wanunuzi walikuwa wachache na waoga, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewahi kuona biashara ya namna hiyo. Lakini sababu ya woga wao ndiyo inayonishangaza, kwa sababu mikataba ya kwanza ya ukodishaji ilikuwa tayari imesainiwa na sehemu kubwa ya mapato yake ilikuwa na dhamana ya serikali. Yaani dereva akishindwa kuleta hesabu, serikali inaleta. Ukiniuliza mimi, kilichouzwa mwaka 1996 hakikuwa treni hata kidogo. Ilikuwa karatasi yenye ahadi ya hazina, na aliyejua kusoma karatasi alipata faida ya miaka mingi katika miezi saba.

Mimi niliwahi kuwa na nusu ya Hiace, na kwa miaka yote ile hakuna serikali iliyonilipia siku dereva wangu aliposema gari lililala gereji.

Stagecoach nayo haikukaa sana. Mwaka 2000 iliiuza Porterbrook kwa benki ya Abbey National kwa faida, na baadaye, mwaka 2008 na tena 2014, kampuni ikahamia kwa vikundi vya wawekezaji wakubwa, wakiwamo mifuko ya pensheni. Malalamiko kwamba kodi ni kubwa na waendeshaji hawana pengine pa kukodi yalifikishwa mbele ya tume ya ushindani mwaka 2007. Tume ilitoa taarifa mwaka 2009 ikikubali kwamba uchaguzi ni mdogo, lakini haikuweka bei kikomo. Wenye mali wakalala usingizi.

Sasa tuje kwenye upande ambao wauzaji wa hisa hawapendi kuusimulia. Dhamana zile za mwanzo zilikuwa na mwisho wake, na treni nayo huzeeka. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilisaini na Siemens mkataba wa pauni bilioni 1.6 wa treni mpya 115 za Thameslink, na mmiliki wake hakuwa Porterbrook bali kampuni nyingine iliyoundwa kwa kazi hiyo. Class 319 zikaanza kukosa kazi. Ya mwisho iliondoka Thameslink mwezi Agosti 2017.

Hapo ndipo umeme wa aina mbili ulipowaokoa wenye mali kwa muda. Kwa kuwa treni hizi zilijua kuvuta umeme wa waya za juu, ziliweza kuhamishwa. Tangu Machi 2015 baadhi zilikuwa zinakimbia kati ya Liverpool na Manchester, njia iliyokuwa imewekewa waya karibuni. Treni ya reli ya tatu peke yake isingefika huko. Hata hivyo mtumba ni mtumba. Sheria ilitaka kila treni ya abiria iwe inafaa kwa walemavu ifikapo mwaka 2020, choo na milango vikiwamo, kwa hiyo fedha zilitoka kabla ya kuingia.

Kisha likaja jaribio kubwa zaidi. Miradi ya kuweka waya nchini humo ilikuwa inachelewa na mingine kufutwa, njia nyingi zikabaki bila umeme. Porterbrook ikaona mwanya: tuzifunge injini za dizeli chini ya sakafu, ziende popote. Mpango ulitangazwa mwaka 2016 na treni zilizobadilishwa zikaitwa Class 769. Karatasini ulikuwa mzuri. Kwenye karakana ulikwama mwaka baada ya mwaka. Wales walianza kuzitumia Novemba 2020 na kuziacha Mei 2023. Northern walizianza mwaka 2021. Great Western waliagiza seti 19, wafanyakazi wakafundishwa, majaribio yakafanyika, na mwishoni mwa mwaka 2022 ikaamuliwa zote zirudishwe kwa mwenye mali bila kubeba abiria hata mmoja wa kulipa nauli. Zile ambazo hazikubadilishwa ziliondoka kazini mwanzoni mwa mwaka 2024, na nyingi zimekatwa.

Porterbrook ipo na inaendelea, maana ina treni za aina nyingi, na sheria ya mwaka 2024 iliyoanza kurudisha uendeshaji mikononi mwa umma haikugusa umiliki wa mabehewa. Aina moja ikifa, nyingine inalipa. Mwenye kipande cha aina moja tu asingekuwa na pa kujificha. Thamani ya behewa lake ingeamuliwa na mkandarasi wa waya aliyechelewa, na waziri aliyeagiza treni mpya kwa mwingine, watu ambao hawamjui wala hawatamjua.

Kwa hiyo msomaji aliyeniuliza kuhusu kipande cha behewa nimemjibu hivi: siku waraka wa mauzo ukija, ruka ukurasa wenye picha ya treni, nenda moja kwa moja panapoandikwa nani analipa mkodishaji akishindwa, na kwa miaka mingapi. Kama hapajaandikwa, huyo ni mbuzi kwenye gunia. Kama pameandikwa, hesabu miaka iliyobaki kwenye dhamana, kisha uangalie anayekuuzia anaondoka mwaka gani.