Bidoni tano kando ya bahari



Juma hili siandiki juu ya daftari wala juu ya homa ya watoto. Dada yangu mkubwa anaishi Lille, kaskazini mwa Ufaransa, na kazi yake ni kutunza wazee usiku. Yeye anarudi asubuhi, watoto wanaenda masomoni. Watoto wanarudi, yeye anajitayarisha kutoka. Mara nyingi aliniambia kwa simu: « Tunakaa nyumba moja, lakini tunasalimiana mlangoni. » Basi wakati wa vakansi alikodi gari-nyumba kwa siku tatu, akawapeleka watoto wake wawili Le Crotoy, mji mdogo wa bahari kwenye ghuba ya mto Somme. (Mwalimu haachi kufundisha: ni katika mji huo Jeanne d'Arc alifungwa mwaka 1430, kabla ya kupelekwa Rouen.)

Gari-nyumba ni kama basi ndogo yenye vitanda, jiko la gesi, choo na tangi ya maji. Ikiwa uzito wake haupiti tani 3,5, kibali cha kawaida cha kuendesha kinatosha. Miji mingi ya bahari ina uwanja wa magari hayo, ambapo unajaza maji safi na kumwaga yale machafu. Bei si ndogo; dada aliweka franga kidogo kidogo miezi mingi. Sisemi tufanye hivyo sisi pia. Barabara yetu ingelivunja gari lile kabla ya kufika Uvira.

Tangi yao ilikuwa ya litri 100. Hesabu hiyo tunaijua bila kalamu: bidoni tano. Siku ya kwanza, kabla ya saa sita, watoto walikuwa wameyamaliza maji yote. Msichana aliosha nywele, mvulana aliacha bomba wazi akipiga mswaki. Walipofungua tena, bomba likakohoa tu. Dada hakupiga makelele. Alijaza tangi, kisha akatoa beseni na kikombe: kikombe kimoja cha mswaki, beseni moja ya kuoga, na maji yaliyoosha mboga yaanze kusafisha masahani. Mvulana akamwuliza: « Mama, nani alikufundisha mambo haya? »

Mtoto wa miaka 12, naye hakujua kwamba mama yake aliamka saa kumi ya usiku, kule Kadutu, akapanga bidoni kwenye mstari, kisha akaenda masomoni na nguo imelowa mgongoni. Nani angemwambia? Pale mlangoni hakuna wakati wa hadithi.

Kesho yake kukawa na ugomvi. Ghuba ile ina tabia ambayo Ziwa Kivu halina. Mara mbili kwa siku bahari inarudi nyuma mbali sana, inaacha mchanga na matope, kisha inakuja tena. Mvulana aliona mji wa Saint-Valery ng'ambo, akasema atavuka kwa miguu. Kweli watu wanavuka, lakini pamoja na kiongozi anayejua masaa ya maji. Maji yanaporudi yanapita kwanza katika mifereji, yanakuzunguka kwa nyuma wakati mbele yako ni pakavu bado. Dada alisoma masaa kwenye tangazo, akakataa. Mtoto akanuna: « Wewe unaogopa kila kitu! » Wakaketi ukutani bila kusemezana. Baadaye mifereji ikaanza kung'aa, na fungu la mchanga alilotaka kupita likawa kisiwa, kisha likapotea. Mtoto hakuomba msamaha. Alisogea tu karibu na mama yake.

Usiku ule mvua ilipiga paa la gari. Hakukuwa na chumba cha kujifungia wala televisheni, na watoto wakaomba habari za Kadutu. Dada aliwaeleza mpaka sauti ikakauka: bomba, mstari, marehemu mama yetu, na namna wasichana walivyopigana kwa ajili ya zamu. Hapo mimi pia naingia katika hadithi, na nasikia hakunisimulia vizuri!

Siku ya tatu walirudisha gari. Jioni ileile dada alikuwa kazini.

Sasa yule mvulana ameniandikia: « Mama mdogo, nitumie picha ya lile bomba. » Bomba lile lilikauka zamani. Jumamosi nitamtumia picha ya bidoni yetu ya manjano, ile iliyopoteza kifuniko, tunayoiziba kwa mfuko wa plastiki.