Kivuli cha Luanda Magere na Suala la Mhusika Hasidi

Imekuwa desturi katika uhakiki wetu kumchambua jagina kwa kina na kumwacha hasidi wake bila kuulizwa neno. Jagina huchunguzwa nasaba, tabia na dosari zake; hasidi hutosheka na sentensi moja. Makala haya yanaipinga desturi hiyo kwa kumrejelea mhusika mmoja tu: mke wa Kilang'o katika kisa cha Luanda Magere, shujaa wa ukoo wa Sidho huko Kano, karibu na Kisumu.

Kisa chenyewe kinafahamika. Mwili wa Magere ulikuwa jiwe, na mikuki haikuupenya. Lang'o, jina ambalo Wajaluo waliwaitia majirani zao Wanandi na Wakipsigis, waliposhindwa vitani walimpelekea binti yao amwoe. Magere akaugua, ikabidi achanjwe ili dawa imwingie. Wembe ulipokataa, alimwamuru mke akichanje kivuli chake, damu ikatoka. Mke akatoroka na siri hiyo hadi kwao. Katika vita vilivyofuata kivuli kilichomwa mkuki, Magere akaanguka na kugeuka jiwe.

Suala linalozuka ni hili: ubaya wa mke huyu unatoka wapi? Katika maigizo tuliyoyazoea, jibu hutolewa kabla mhusika hajafungua kinywa. Huingia jukwaani kwa jicho la pembeni na tabasamu la hila, aghalabu kwa lafudhi ya Kikalenjin iliyotiwa chumvi. Hadhira humcheka, kisha humzomea. Kwa maneno mengine, yeye ni mbaya kwa sababu ya alikozaliwa.

Linganisha na Joker, hasidi wa Batman, aliyezuka katika vitabu vya katuni nchini Marekani mwaka 1940. Cesar Romero, katika mfululizo wa televisheni ulioanza 1966, alimwigiza kama mzaha mtupu. Mwaka 1989 Jack Nicholson alimfanya jambazi mwenye majivuno aliyeharibiwa na kemikali. Heath Ledger, mwaka 2008, alimpa mdomo wenye makovu na simulizi zinazokinzana kuhusu chanzo chake, hata mtazamaji akakosa asili ya kushikilia. Mwaka 2019 Joaquin Phoenix alimwonyesha kama mgonjwa aliyenyimwa tiba na jiji lililopunguza matumizi yake. Hatulazimiki kuzipenda filamu hizo. Lakini kila mwigizaji alilazimika kuliuliza upya swali la chanzo cha uovu. Sisi tuna kisa kizito zaidi ya hicho, na bado tunakariri jibu lile lile.

Wala si lazima twende ng'ambo. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, anayemuua shujaa kwa sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe mwenyewe. Hata hivyo msomaji hawezi kumhukumu kijana huyo bila kumhukumu pia mtawala wa Pate aliyemtuma. Je, ni nani anayewahukumu wazee wa Lang'o waliomtoa binti yao kama silaha? Na ni nani anayemuuliza Magere kwa nini aliitoa siri kwa hiari yake?

Hapo ndipo uigizaji unapopaswa kupimwa: katika tendo la kuchanja. Mke ameshika wembe mbele ya mume mgonjwa aliyemtegemea. Mwigizaji anayeingia na hila tayari usoni hana la kugundua; damu inapotoka kivulini, uso wake haubadiliki kwa kuwa hauna pa kubadilikia. Mwigizaji anayeanza kama muuguzi hulazimika kuamua mbele yetu, kati ya nyumba aliyoolewa na nyumba aliyozaliwa. Uigizaji wa kwanza ni ubandikaji wa jina. Wa pili ndio tamthilia. Kwa Wanandi, isitoshe, mwanamke huyu anaweza kusomwa kama shujaa aliyeokoa jamii yake, naye katika masimulizi mengi hana hata jina.

Wapo watakaodai kwamba hizi ni fikra za kisasa zinazotwikwa fasihi simulizi. Dai hilo halisimami. Fanani hajawahi kuwa kanda ya kunasia sauti. Kila utambaji ni uteuzi. Okoiti Omtatah alipochapisha tamthilia yake ya Lwanda Magere mwaka 1991, alithibitisha kwamba kisa hiki kinaweza kuingia katika umbo jingine na zama nyingine. Oktoba ya mwaka huo huo mapigano ya kikabila yalizuka Miteitei, wilayani Nandi, na Wajaluo wakafukuzwa katika mashamba waliyoishi. Mwaka 2008 damu ilimwagika tena nchini baada ya uchaguzi. Hatusemi kwamba jukwaa ndilo lililowasha moto huo. Tunasema kwamba hadhira iliyofunzwa kumzomea mke kwa lafudhi yake imefunzwa somo ambalo wanasiasa wanajua kulitumia.

Kwa hiyo, anayekiongoza kisa hiki jukwaani na anayekifundisha darasani wana wajibu mmoja: wampe mwanamke huyu sababu kabla ya kumpa hatia. Mhakiki naye aache kumwita Delila wa Kano na kudhani kwamba kazi yake imekwisha.