"Abi", "Baba" na Haki ya Nasaba

Ndugu Waislamu, wapo wazazi huku Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, wanaowafunza watoto kusema "abi" kwa dhana kwamba "baba" ni neno lisilo na Uislamu ndani yake. Dhana hiyo haina mashiko. Asili ya neno la Kiarabu ni "ab", na nahau hulibadili likawa abu, aba au abi. Ndiyo maana twasema Abu Talib, lakini twasema Ali bin Abi Talib. "Abi" hapo halina maana ya "baba yangu", bali ni neno lilelile lililotanguliwa na "bin". Mtoto wa Cairo humwita mzazi wake "baba" kama wa kwetu, na Kuwait husikika "yuba". Hakuna aliyewatoa katika dini.

Wengine hudai kwamba kumwita ami "baba mdogo" ni kuharibu nasaba. Na warejee Surat al-Baqara, aya ya 133: wana wa Yaaqub, wakiwataja baba zake, wanamhesabu pia Ismail, naye alikuwa ami yake. Neno "ab" lina upana; lenye mpaka ni "walid", yaani aliyezaa.

Kilichokatazwa ni kubadili nasaba. Zaid bin Haritha, aliyelelewa na Mtume (s.a.w.), aliitwa Zaid bin Muhammad mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Surat al-Ahzab, akarejeshewa jina la baba yake. Kwetu yatima huchukuliwa na baba mdogo au baba wa kambo, na siku ya kuandikishwa shule mlezi huandika jina lake mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Miaka ikapita, shamba la kahawa la marehemu likagawiwa, na kijana hana karatasi ya kuthibitisha kwamba ni mrithi. Zito kuliko hilo, watoto wa baba mmoja na mama tofauti, wakibeba majina mawili, waweza kuposana bila kujuana.

Mlezi na aitwe baba nyumbani, asubuhi na jioni. Hiyo ni huruma. Lakini katika cheti cha kuzaliwa na daftari la shule liandikwe jina la aliyezaa, hata kama amekwishafariki, na mama mjane asione haya kulitaja mbele ya mwalimu.