Kuuzuliwa si Kuhisabiwa



Asubuhi ya tarehe 10 Machi, 2019, ndege ya shirika la Ethiopia iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Baada ya dakika sita ilianguka karibu na Bishoftu. Walikufa watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya wenzetu. Miezi mitano kabla yake, ndege ya aina hiyohiyo, Boeing 737 MAX, ilikuwa imezama katika bahari ya Java na roho 189.

Kampuni ilikuwa imetia ndani ya ndege hizo programu ya kuisukuma pua ya ndege chini yenyewe, ikitegemea kipimo kimoja tu. Kipimo kikikosea, ndege huinamishwa bila ya sababu. Marubani hawakuelezwa habari ya programu hiyo mpaka ndege ya kwanza ilipokwisha anguka, na hata hapo zilizobaki ziliachwa ziendelee kuruka.

Mkurugenzi mkuu, Dennis Muilenburg, aliketi mbele ya Baraza la Seneti la Marekani mwezi wa Oktoba 2019, na nyuma yake jamaa za waliokufa wameinua picha za watu wao. Mwezi wa Disemba akauzuliwa. Wengi walidhani kuwa hisabu imekwisha. Lakini aliondoka na hisa na pensheni za dola kama milioni 62, na aliyekalia kiti chake, David Calhoun, alikuwa mjumbe wa bodi ileile tangu mwaka 2009! Mwezi wa Januari 2024 kipande cha ubavu wa ndege nyingine ya kampuni hiyo kikachomoka angani, kwa kuwa bolti za kukikaza hazikuwemo. Mwaka huohuo Calhoun naye akaondoka.

Katika tarikh yetu, watu wa Kufa walimshitaki gavana wao, Saad bin Abi Waqqas, kwa Sayyidna Umar (R.A.). Saad si mtu mdogo. Ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Umar alimuuzulu, akamweka Ammar bin Yasir, wala hakukomea hapo. Alituma watu Kufa wakapita msikiti kwa msikiti wakiuliza: mwasemaje juu yake? Wengi walimsifu. Na Umar alipokuwa akikaribia kufa alieleza wazi kuwa hakumuuzulu Saad kwa udhaifu wala kwa khiyana. Hivyo kuulizwa kwake kulimsafishia jina.

Sisi twatazama zaidi walioulizwa. Hawakuwa wakubwa wenziwe, bali ni raia aliowatawala. Mwezi wa Januari 2021 kampuni ya Boeing na Wizara ya Sheria ya Marekani walipatana kwa zaidi ya dola bilioni 2.5, na jamaa za waliokufa hawakuambiwa lolote mpaka mambo yalipokwisha. Iliwabidi waende mahakamani, na hata mwaka 2022 ndipo jaji alipokubali kuwa wapenzi wao walidhulumiwa kwa mujibu wa sheria. Wajane na wazazi walihitaji miaka kupata nafasi ambayo watu wa Kufa waliletewa misikitini mwao.

Wala tusiwacheke Wamarekani. Katika vyama vyetu vya akiba na kamati za madrasa, mweka hazina akiharibu huambiwa ajiuzulu kimyakimya, daftari akapewa binamu yake, nasi twasema tumemsitiri. Sitara ni jambo tukufu, lakini ni ya aibu ya mtu nafsi yake. Fedha za mjane aliyeweka shilingi mia kila Ijumaa si aibu ya kufunikwa. Kabla daftari halijakabidhiwa kwa mwengine, na lisomwe mbele ya wote waliochanga, na upande wa wanawake nao usikie na upewe nafasi ya kuuliza.