Herufi Kubwa na Mamlaka: Jibu kwa Wanaodharau Mabishano ya Wahariri wa Kamusi Elezo

Utangulizi

Imekuwa desturi miongoni mwa baadhi ya wahakiki wetu kuyabeza mabishano yanayozuka kila mara baina ya wahariri wa Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka wa 2001 na ambayo takriban mtu yeyote anaweza kuiandika na kuihariri. Hudaiwa kwamba wanaogombania herufi kubwa na ndogo ni watu wasio na kazi, na kwamba msomi hana haja ya kupoteza wakati wake kwao. Makala haya yanalipinga dai hilo. Msimamo wetu ni kwamba herufi kubwa ni uamuzi wa kihakiki kabla ya kuwa suala la tahajia. Kwamba kila kanuni ya uhariri imebeba nadharia fulani ya lugha, awe mtungaji wake anaitambua au haitambui. Na kwamba mhakiki anayewaachia wengine suala hili huwaachia pia sehemu ya kazi yake.

Kadhia mbili za Kiingereza

Tuanze na kadhia ambayo imechekwa kuliko nyingine zote. Filamu ya Star Trek Into Darkness, iliyoongozwa na J. J. Abrams, ilitolewa mwaka wa 2013. Miezi kadhaa kabla ya kutolewa kwake, wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walizozana kuhusu neno into: je, lianze kwa herufi kubwa au ndogo? Mwongozo wa mtindo wa kamusi hiyo ulielekeza kwamba kihusishi chenye herufi zisizozidi nne kiandikwe kwa herufi ndogo kinapotokea katikati ya anwani. Upande mmoja uliishikilia kanuni hiyo. Upande wa pili ulijibu kwamba watengenezaji wa filamu wenyewe waliliandika neno hilo kwa herufi kubwa, na kwamba yamkini maneno mawili ya mwisho ni anwani ndogo isiyotanguliwa na nukta mbili. Majadiliano yalipita maneno 40,000 kabla ya herufi kubwa kukubaliwa mapema mwaka wa 2013.

Waliocheka waliyahesabu maneno hayo lakini hawakuyasoma. Ikiwa into ni kihusishi cha kawaida, basi anwani nzima ni kirai kimoja kinachosimulia safari ya kuingia gizani. Ikiwa linafungua anwani ndogo, basi Star Trek ni jina la mfululizo tu, na giza ni la hadithi hii peke yake. Hizi ni fasiri mbili za matini moja. Mwanafunzi wa uzamili akituletea swali la namna hii kuhusu anwani ya diwani ya mashairi, tutampongeza kwa usomaji makini. Kwa nini basi swali lilelile ligeuke kuwa upuuzi linapoulizwa na mhariri wa kujitolea?

Kadhia ya pili ni ya majina ya ndege. Kwa miaka mingi wahariri wa makala za ndege katika kamusi hiyo waliyaandika majina ya kawaida ya spishi kwa herufi kubwa, wakifuata desturi ya wataalamu wa ndege. Mwaka wa 2014 iliamuliwa kwamba herufi ndogo zitumike, ili makala hizo zilingane na za wanyama wengine. Hoja ya wataalamu ilikuwa ya kimaana. Common Tern ni jina la spishi moja mahususi ya buabua, ilhali common tern laweza kufasiriwa kuwa buabua yeyote anayeonekana mara kwa mara. Ulinganifu ulishinda na tofauti ya maana ikafutwa. Mtu aweza kuukubali uamuzi huo, lakini hawezi kudai kwamba hakuna kilichopotea.

Katika kadhia zote mbili kinachobishaniwa ni mamlaka: nani ana haki ya kuamua umbo la jina? Ni mtunzi, ni taaluma, au ni jumuiya ya wahariri? Hata katika fasihi swali hili halina jibu moja. Mwandishi na mhakiki wa Marekani bell hooks, aliyefariki mwaka wa 2021, alichagua herufi ndogo ili msomaji azingatie kazi yake badala ya nafsi yake. Kinyume chake, jina la mshairi E. E. Cummings liliandikwa na wengi kwa herufi ndogo kwa kuiga mtindo wa mashairi yake, hata ikambidi mhakiki Norman Friedman aandike mwaka wa 1992 kuipinga desturi hiyo. Kanuni moja isiyochunguza historia ya kila jina itamdhulumu mmoja wao.

Suala hili katika Kiswahili

Sisi tunaoshughulikia fasihi ya Kiswahili tuna sababu zaidi ya kulizingatia jambo hili. Hati ya Kiarabu iliyotumiwa kuandikia tendi zetu haina herufi kubwa wala ndogo. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka wa 1858 haukuzijua, wala Al-Inkishafi haukuzijua. Kila mhariri aliyezihamishia tungo hizi katika herufi za Kirumi, kama William Hichens alivyofanya na Al-Inkishafi mwaka wa 1939, alilazimika kuamua: je, mola hapa ni Mwenyezi Mungu au ni bwana wa duniani? Dunia inayosutwa na mshairi ni mahali tu, au imepewa nafsi? Kila herufi kubwa iliyowekwa ni ufafanuzi usio na saini, na msomaji wa leo huupokea akidhani ni sauti ya mtunzi.

Isitoshe, kanuni zilizotungwa kwa lugha nyingine haziingii katika Kiswahili bila kuleta vurugu. Kipimo cha herufi nne kikiletwa katika anwani za Kiswahili, kwa na ya vitabaki vidogo, lakini katika litakuwa kubwa kwa sababu tu lina herufi sita, ingawa kazi yake ni ya kihusishi vilevile. Wachapishaji wetu hawakuhitaji kuhesabu herufi ili kuandika Mizimu ya Watu wa Kale (1966) au Nyota ya Rehema (1976). Maneno ya na wa hufungamana na nomino inayotangulia kwa upatanisho wa kisarufi, na udogo wa herufi zake unaakisi utegemezi huo. Kanuni yetu sharti itokane na aina na kazi ya neno.

Chukua pia majina ya lugha. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka wa 1996 inaandika isiZulu na isiXhosa, herufi kubwa ikiwekwa kwenye shina. Sisi tunaandika Kiswahili, herufi kubwa ikiwa kwenye kiambishi. Kila mtindo una nadharia yake kuhusu mahali jina lilipo hasa katika nomino ya Kibantu. Programu inayoiendesha Wikipedia, kwa upande wake, huigeuza herufi ya kwanza ya kila anwani kuwa kubwa, na anayetaka kuandika isiZulu hulazimika kuongeza maelekezo maalumu. Mashine nayo imeshika upande, na hakuna aliyeihoji.

Pingamizi na jibu

Tutaambiwa kwamba bila kanuni moja kazi ya wengi haiwezekani. Hatuna ugomvi na kuwako kwa kanuni. Ugomvi wetu ni na kanuni isiyotoa sababu. Wikipedia ya Kiingereza yenyewe inaruhusu kanuni iwekwe kando inapozuia kuiboresha kamusi, kwa hiyo anayeugeuza mwongozo wa mtindo kuwa msahafu anaupinga msingi wa kamusi anayodai kuilinda. Wala hatusemi kwamba kila umbo rasmi lifuatwe. Umbo alilolichagua mtunzi kwa makusudi ya kisanaa lina uzito ambao nembo ya biashara, iliyokuzwa ili ivutie wanunuzi, haina.

Hitimisho

Mwaka wa 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo mwanzoni haikuwa na mjumbe Mwafrika, ikasimamia usanifishaji wa Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Tumeandika tasnifu nyingi tukilalamikia maamuzi yaliyofanywa bila wenye lugha kushirikishwa. Leo Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka wa 2003, ina ukurasa wa majadiliano kwa kila makala, na ukurasa huo u wazi kwa yeyote mwenye hoja. Wanafunzi wetu huisoma kabla ya kufika maktabani, na maandishi yake hutumiwa kufundishia mashine zinazoandika Kiswahili. Idara zetu ziandae mwongozo wa herufi kubwa wenye sababu za kisarufi na za kihakiki, ziufundishe katika kozi za uhariri, na ziutetee katika kurasa hizo. Asiyekuwepo na lake halipo. Wenzetu wa mwaka wa 1930 hawakualikwa. Sisi mlango umeachwa wazi, na tukikaa nje hatutakuwa na wa kumlaumu.