Tuonyeshwe ramani kabla ya bikoni

Ndugu Mhariri,

Naandika nikiwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka ofisi ya ardhi ya wilaya, na hasira haijanitoka. Nilikwenda kuomba kitu kimoja tu: kuonyeshwa ramani ya mkuza wa umeme wa msongo mkubwa unaopitishwa kijijini kwetu. Nimerudi mikono mitupu, tena nimeambiwa kwamba watu kama mimi ndio tunaokwamisha maendeleo.

Watu wa vipimo walikuja wakati wa palizi. Kama walipita ofisi ya kijiji, hakuna aliyetuambia. Mimi nilisikia nyundo ikigonga huko shambani, nikaenda kutazama. Nikakuta bikoni ya zege imesimikwa katikati ya mistari ya mikorosho yangu, na mikorosho yenyewe imeandikwa namba kwa rangi nyekundu kwenye shina. Rangi ilikuwa bado mbichi, inachuruzika hadi kwenye mizizi. Kijana aliyeshika daftari aliniamkia vizuri, akanieleza kwamba eneo lile sasa ni la mradi. Nikamuuliza limekuwa la mradi tangu lini, na kwa uamuzi wa nani? Akajibu kwamba yeye ametumwa kuhesabu miti tu. Sina ugomvi naye. Aliyemtuma ndiye ninayemtafuta.

Bikoni hazikuishia kwangu. Zimekatisha malisho, zimeingia msitu wa kijiji, na nyingine iko kwenye kiwanja tulichotenga kwa ajili ya zahanati. Maeneo hayo tuliyatenga wenyewe katika mkutano mkuu, tulipoandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi. Tulibishana mipaka, wafugaji na wakulima, mpaka tukaafikiana. Wataalamu waliotusimamia walitoka wilaya hii hii. Leo ofisi iliyotusaidia kupanga inatupangulia bila hata kutubishia hodi.

Huko wilayani nilianzia dirisha moja, nikapelekwa chumba kingine, nikaambiwa mwenye faili yuko kikaoni. Nikakaa kwenye benchi mpaka watu wakaenda kula wakarudi. Nilipoingia hatimaye, ramani niliiona kwa macho yangu: imekunjwa, imefungwa raba, imelazwa juu ya kabati nyuma ya afisa. Nikamwomba aifungue anionyeshe shamba langu liko wapi na mkuza una upana gani. Akasema, "Mzee wangu, hiyo ni nyaraka ya serikali. Subiri zoezi la uthamini, utaitwa kusaini." Yaani nisaini kwanza, nijue baadaye ninachokisaini!

Mhariri, mimi si mwanasheria, lakini semina ya ardhi nilihudhuria na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 tulifundishwa. Ardhi ya kijiji haihamishwi kuwa ardhi ya jumla kwa maneno ya mdomo. Ni lazima tangazo litoke katika Gazeti la Serikali na lifike kijijini, likitaja mahali, mipaka na sababu, na watu wapewe muda usiopungua siku 90. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya kukubali au kukataa. Likizidi hapo, anaamua Waziri, lakini naye anapaswa kwanza kuzingatia maoni ya mkutano huo. Tena ardhi haihamishwi kabla ya kukubaliana kuhusu fidia. Kwetu bikoni zimetangulia, mkutano hatujauona.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna anayetaka kulijibu. Je, ardhi yetu inatwaliwa kabisa, au inawekewa haki ya njia tu? Mambo haya mawili hayafanani. Ikitwaliwa, kijiji kimeipoteza. Ikiwa ni haki ya njia, ardhi inabaki yetu, nyaya zinapita juu, nasi tunazuiwa kujenga na kupanda miti mirefu, huku mahindi na kunde vikiweza kuruhusiwa. Sasa mtu atasainije fidia bila kujua analipwa kwa kupoteza shamba au kwa kupoteza mikorosho? Nina hati ya hakimiliki ya kimila ndani ya sanduku langu. Nataka niambiwe kesho itakuwa na thamani gani.

Na hiyo fidia nayo ni kilio. Sheria inataka iwe kamili, ya haki na ya wakati, na ikichelewa zaidi ya miezi sita iongezewe riba. Jirani zetu walipitiwa na mradi mwingine kabla yetu. Walikatazwa kuendeleza maeneo yao, nyumba zikabaki hazina bati, na hela hawajaiona. Riba ndiyo usiseme.

Wanasiasa wetu wako wapi? Wakati wa kampeni waliijua njia ya kila kitongoji, walikula ugali wetu na kuahidi kwamba ardhi ya mnyonge haitaguswa. Sasa ukimpigia mheshimiwa, simu inaita mpaka inakata. Siku ya kuzindua mradi atakuja na msafara, akate utepe, na sisi tupangwe juani kupiga makofi. Halafu nyaya hizo zitapita juu ya vitongoji ambavyo mpaka leo watoto wanasomea kibatari. Kama umeme ni wa taifa, na sisi si taifa?

Sipingi umeme. Nchi inauhitaji, na viwanda vinauhitaji. Ninachopinga ni kufanywa mgeni katika ardhi niliyoilima tangu ujana wangu. Ramani ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji, kila mtu aisome. Mkutano mkuu uitishwe, afisa aje na tangazo la Gazeti la Serikali mkononi, atueleze kama ni kutwaa au ni kupita. Mpaka hayo yatakapofanyika, fomu ya uthamini siisaini, na wanakijiji wenzangu nawasihi wasiisaini.

Mkulima wa korosho,
Kusini mwa Tanzania